Ndevu za Siku Moja

Uchungu ulinifika ulimini kabla sijamaliza pumzi ya tatu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimefunikwa kofia pana ya nailoni yenye kidirisha mbele, na ndani ya kofia hiyo nimevaa barakoa yangu ya kazi. Ilikuwa ya mpira, inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya mviringo, kimoja kila shavu. Mpimaji alipitisha mrija kwenye tundu la kofia akapuliza mvuke wa dawa isiyodhuru, lakini chungu kama shubiri. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: kama barakoa imekukaa, hutaonja kitu; ukionja, inua mkono. Nikainua mkono.

"Vua, fundi," akaniambia. Akanipa kioo kidogo, akanionyesha kwa kidole mstari wa taya yangu. Upande mmoja ukingo wa mpira ulikuwa umeacha alama nyekundu kwenye ngozi. Upande wa pili hapakuwa na alama yoyote. Pale mpira haukuwa umegusa ngozi, ulikuwa umelala juu ya ndevu za siku tatu.

Barakoa ile nilikuwa nimeivaa miaka miwili. Niliivaa nikishusha dari zenye mbao za asbesto, nikivua magamba ya mabomba ya mvuke, yaani vifuniko vyake vya kuzuia joto, nikifagia vyumba ambavyo sasa najua havikupaswa kufagiwa. Nilikabidhiwa siku ya kwanza kazini pamoja na buti na glavu, nikaambiwa, "Hii ndiyo yako." Buti niliulizwa ni namba ngapi. Uso wangu hakuna aliyeuliza namba yake. Na vichujio vilikuwa vya daraja la juu kabisa, vipya, vya gharama. Nilijiona nimelindwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Baada ya siku ile nilijifunza kazi ya upimaji, na sasa mimi ndiye ninayeshika chupa ya mvuke. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya ile miaka miwili.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunaokishika hatujawahi kukiona. Asbesto si vumbi la kawaida. Ni jina la madini sita ya mwamba ambayo yana tabia ya kupasuka kwa urefu, uzi ndani ya uzi, hadi kufikia nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona. Inayopatikana kwa wingi zaidi katika majengo ni ile nyeupe, krisotili, ambayo nyuzi zake zimejipinda. Ya kahawia, amosaiti, na ya bluu, krosidolaiti, nyuzi zake zimenyooka kama sindano. Usidanganywe na rangi hizo, kwa sababu ikishachanganywa na saruji, plasta au gundi, rangi haikwambii lolote. Ni maabara tu inayoweza kukuambia, baada ya kuchukua kipande kidogo kwa uangalifu.

Nyuzi ambazo wapimaji huzihesabu hewani ni zile zenye urefu unaozidi mikromita 5 na unene usiofika mikromita 3 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa kichwa una unene wa mikromita kama 70. Maana yake unyuzi wa asbesto ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara 20, na unaweza kuelea kwenye hewa iliyotulia kwa saa nyingi baada ya wewe kuzima mashine, kukusanya zana na kudhani mambo yamekwisha. Hauna harufu. Hauwashi koo. Vumbi la saruji litakukohoza, moshi utakutoa machozi, lakini asbesto inaingia kimya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko mwili hauna uwezo wa kuiyeyusha.

Ndiyo maana pua zetu hazifai kuwa mashahidi. Asbesto husababisha kovu la mapafu linaloitwa asbestosisi, saratani ya mapafu, saratani ya koo la sauti na ya ovari, na ile saratani ya utando unaofunika mapafu, mesotelioma, ambayo karibu haina chanzo kingine kinachojulikana sana. Nayo hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta hewa hiyo. Mwaka 1960, daktari J. C. Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao kutoka eneo la migodi ya asbesto ya bluu katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Jambo lililowashtua madaktari ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wachimbaji. Baadhi walikuwa watu waliokulia tu karibu na migodi, wakacheza utotoni kwenye vilima vya mabaki yake. Kwa mvuta sigara mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hatari ya sigara na hatari ya asbesto kwenye saratani ya mapafu hazijumlishwi, zinazidishana.

Sasa, kabla ya kusema neno moja zaidi kuhusu barakoa, niseme hili. Barakoa ni ngao ya mwisho. Mtu anayenipigia simu kuniuliza anunue barakoa gani ya kukatia mabati ya asbesto kwa grainda, huwa namjibu kwamba hakuna barakoa nitakayomshauri kwa kazi hiyo, kwa sababu kazi hiyo haipaswi kufanyika. Kitu chenye asbesto kilicho kizima na kisichosumbuliwa, mara nyingi ni salama zaidi kuachwa mahali pake. Kikilazimika kutoka, kilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo ili yapenye, kitolewe kizimakizima kwa zana za mkono, kisivunjwe, kisikatwe kwa mashine ya kasi, kisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Takataka zisifagiwe kavu, zifyonzwe kwa mashine yenye kichujio cha hali ya juu, au zipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Kazi kubwa, hasa ya magamba ya mabomba, dari zilizopuliziwa asbesto na mbao laini za asbesto, ni ya watu waliofunzwa na wenye leseni, ndani ya chumba kilichofungwa kwa plastiki na kuvutwa hewa. Yote haya yakishafanyika, ndipo tunazungumza kuhusu kinachobaki hewani na kinachokwenda usoni.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali ziondoe kabisa akilini. Zile za karatasi za vumbi, zenye mkanda mmoja wa mpira, nazo ziondoe. Nimewahi kusikia fundi akisema, "Nusu shari kuliko shari kamili, bora nivae hata hii." Ningemkubalia kama kuivaa kusingebadilisha anachofanya. Lakini humbadilisha. Mtu asiye na chochote usoni hukimbia vumbi, hugeuza kichwa, huenda upande upepo unakotoka. Mtu aliyevaa karatasi huinama juu ya vumbi lilelile akitoboa.

N95 nayo, barakoa ya kutupa ya kiwango cha Marekani, pamoja na sifa zake zote, haikutengenezwa kwa kazi hii. Marekani sheria ya kazi za asbesto inakataza kabisa kutumia barakoa za kutupa ambazo mwili wake wote ndio kichujio. Uingereza wanairuhusu FFP3, barakoa ya kutupa ya daraja la juu la Ulaya, kwa kazi ndogo za muda mfupi, kwa sharti kwamba mvaaji amepimwa. Binafsi ninaiheshimu FFP3 iliyokaa vizuri, lakini si chaguo langu la kwanza, kwa sababu ukingo wake hulegea kwa jasho, na mtu hawezi kuikagua vizuri kila anapoivaa.

Ninayoianzia mimi ni barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P100, daraja la juu kabisa la Marekani, au P3 kwa hesabu za Ulaya. Juu yake ipo ya uso mzima, inayofunika hadi macho. Juu zaidi ipo ya uso mzima yenye feni ya betri kiunoni inayosukuma hewa iliyochujwa, na juu kabisa ipo ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi.

Na hapa ndipo pana swali ambalo huwa namuuliza kila ninayemfundisha, nikimwacha alifikirie kabla sijamjibu. Kichujio cha P100 hunasa chembe 9,997 kati ya kila 10,000, tena chembe za mikromita 0.3, ukubwa ambao ni mgumu kuliko wote kunaswa. Zinapita 3 tu. Kwa hiyo mvaaji angepaswa kulindwa mara elfu kadhaa. Lakini Marekani ukivaa barakoa ya nusu uso yenye vichujio hivyohivyo, kanuni zinakuhesabia ulinzi wa mara 10 tu. Uingereza wanakuhesabia mara 20. Ukiweka vichujio hivyohivyo kwenye barakoa ya uso mzima, Marekani wanakuhesabia mara 50, Uingereza 40. Kichujio ni kilekile. Ule ulinzi mwingine wote umekwenda wapi?

Umepotelea ukingoni. Kati ya elfu kadhaa na kumi kuna taya, shavu, mfupa wa pua, jasho, ndevu, mkanda uliolegea, na mtu anayeongea huku akipanda ngazi. Hewa ni mvivu, hupita penye wepesi. Unapovuta pumzi, ndani ya barakoa hewa hupungua na ya nje hutafuta njia ya kuingia. Kichujio kizuri ni kizito kupenya, na pengo la ukingoni ni wazi. Kwa hiyo kadiri kichujio kinavyokuwa bora ndivyo pengo dogo linavyozidi kuwa hatari. Barakoa ya uso mzima inapewa namba kubwa zaidi kwa sababu inakaa kwenye paji la uso na chini ya kidevu, mahali pasipocheza sana kama daraja la pua.

Namba hizo si mapambo. Hesabu yake ni ndogo. Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni unyuzi 0.1 kwa kila sentimita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 8. Tuseme vipimo vya hewa vinaonyesha nyuzi 2. Gawa kwa 10, unavuta 0.2 ndani ya barakoa ya nusu uso, umezidi mara mbili. Gawa kwa 50, unavuta 0.04. Barakoa ya kwanza haifai kwa chumba hicho, hata kama ni mpya na imekukaa barabara. Na viwango vyenyewe vinazidi kukazwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kushusha chake kutoka 0.1 hadi 0.01. Asiyejua hewa yake ina nini hawezi kuchagua barakoa, anakisia tu. Mahali ambapo hapajapimwa, mimi hupanda ngazi moja juu ya ile niliyodhani inatosha.

Kuna habari ya zamani ambayo huwa inanijia ninapofungua pakiti ya vichujio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilitengeneza barakoa za jeshi za kuzuia gesi ambazo vichujio vyake vilitiwa asbesto ya bluu, kwa kuwa nyuzi zake nyembamba hunasa moshi vizuri. Wengi wa waliokuwa wakizikusanya viwandani, katika miji kama Nottingham, walikuwa wanawake. Miaka mingi baada ya vita kwisha, mesotelioma iliwaua makumi kati yao. Walikuwa wakitengeneza kinga ya mapafu ya watu wengine, wao wenyewe bila kinga.

Nirudi kwenye ndevu, maana hapo ndipo ninapogombana na watu kila wiki.

Unywele wa kidevu una unene usiopungua ule wa kichwani. Ukikatwa kwa wembe leo asubuhi, kesho asubuhi umeshachomoza kama kisiki. Visiki hivyo vikiwa mamia chini ya mpira, huunyanyua mpira kutoka kwenye ngozi, na kati ya kisiki na kisiki panabaki kijia. Kwenye kijia hicho nyuzi za asbesto zinaweza kupita ishirini zikiwa bega kwa bega. Ndiyo maana kanuni inasema mtu anyoe kila siku ya kazi, karibu na muda wa kuvaa. Si jana usiku kabla ya kulala ikiwa zamu ni ya jioni. Kubana mikanda zaidi hakusaidii, kunaukunja mpira na kufungua pengo pengine. Mafuta ya kupaka hayasaidii pia, yanautelezesha.

Wapo watu ambao hawanyoi, kwa imani au kwa maradhi ya ngozi, na sina haki ya kuwadharau wala kuwalaghai. Kwao ipo kofia kamili yenye feni, isiyotegemea kubana usoni, ambayo hewa yake huingia juu na kutokea chini. Lazima namba ya ulinzi ya kofia hiyo ilingane na hewa ya mahali penyewe, kwa sababu nyingine zimehesabiwa chini kuliko watu wanavyodhani. Kama hailingani, mtu huyo hapaswi kuingia. Afadhali nimkasirishe mlangoni.

Miwani ni ndugu wa ndevu. Ukivaa barakoa ya uso mzima juu ya miwani yako ya kawaida, mikono yake hupita chini ya mpira pale kwenye panja, na umeshatoboa tundu mbili. Viko vishikizo vya lenzi vinavyofungwa ndani ya barakoa. Viulizie kabla hujalazimika kuchagua kati ya kuona na kupumua.

Upimaji wenyewe hauchukui hata nusu saa. Kwa nusu uso unaweza kutumia ulimi wa mtu, kama nilivyopimwa mimi, kwa mvuke mchungu au mtamu. Kwa uso mzima ulimi hautoshi, tunatumia mashine inayohesabu chembe nje na ndani ya barakoa na kutoa namba. Mpimwaji hakai kama picha. Anapumua kawaida, anapumua kwa nguvu, anageuza kichwa kushoto na kulia, anakiinua na kukiinamisha, anasoma kwa sauti, anakunja uso, anainama kama anayeokota kitu. Wengi hufaulu wakiwa wametulia na kushindwa wanaposoma kwa sauti, kwa sababu taya ikicheza ukingo nao hucheza. Anayeshindwa si uso wake ulio mbaya, barakoa ile si yake. Kila kampuni hutengeneza kwa umbo lake, na wanawake na wenye nyuso nyembamba wameteseka sana kwa kupewa saizi ya kati kana kwamba ndiyo ya kila mtu. Mimi mwenyewe, baada ya kunyoa, nilishindwa tena. Saizi ndogo ya aina nyingine ndiyo iliyonikubali. Kipimo kirudiwe kila mwaka, na mapema zaidi kama umenenepa au kukonda sana, umeng'olewa meno, au umepata kovu usoni. Na kabla ya hayo yote muone daktari, kwa kuwa kuvuta hewa kupitia kichujio ni kazi kwa moyo na mapafu.

Kipimo cha mwaka hakikuambii barakoa imekukaaje leo. Hilo unajiuliza mwenyewe, kila unapovaa. Ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, ishikilie kama sekunde 10. Barakoa inapaswa kunywea kidogo na kubaki hivyo. Ikijaa tena, hewa imepita mahali. Kisha ziba vali ya kutolea pumzi, pumua nje polepole, isivuje. Kama inavuja usiingie kwanza ukidhani itajirekebisha. Na mikanda ilale kichwani chini ya kofia ya ovaroli, si juu yake. Sababu utaiona wakati wa kuvua.

Kuna mzee mmoja niliyefanya naye kazi, fundi hodari, mwenye heshima kwa kila mtu. Alikuwa na barakoa bora kuliko yangu, ya uso mzima yenye feni. Na alikuwa na tabia moja. Kila alipotaka kusema jambo muhimu aliingiza kidole chini ya kidevu, akaunyanyua mpira, akasema, akaurudisha.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "hiyo ukiifungua hewa inaingia."

"Mwanangu, ni sekunde mbili tu. Hawanisikii nikiongea ndani yake."

Sikuwa na hesabu ya kumjibu wakati ule. Sasa ninayo. Marekani barakoa ya namna yake huhesabiwa ulinzi wa mara 1,000. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Ukiivua dakika 24 tu kwa jumla, sekunde hizi za kuongea, dakika zile za kufuta jasho, nyingine za kujikuna pua, umevuta hewa chafu kwa sehemu moja kati ya 20 ya siku. Basi ulinzi wako wa siku nzima hauwezi kuzidi mara 20, hata barakoa iwe ya dhahabu. Ukiivua dakika 48 umeshuka hadi kama 10, sawa na nusu uso ya kawaida. Yale 1,000 yameyeyuka kwenye mazungumzo.

Siwalaumu wanaofungua. Ndani ya plastiki kuna joto, jasho hujaa kwenye kidevu, na masikio hayasikii kitu. Lawama yangu iko kwa anayepanga kazi. Akiweka zamu fupi zenye mapumziko nje ya eneo, maji ya kunywa baada ya kuvua kwa utaratibu, ishara za mikono au redio, watu hawatakuwa na haja ya kunyanyua mpira. Mzee alihitaji njia ya kusikika. Hakuna aliyempa.

Feni nazo zina yake. Betri ijazwe, mtiririko wa hewa upimwe kwa kipima kilichokuja nao kabla ya kila zamu, na ikizimika ndani unatoka mara moja, hukai kumalizia kipande. Na usidhani feni imekuondolea habari ya kubana. Mtu anayefanya kazi nzito, pale pumzi inapovutwa kwa nguvu zaidi, anaweza kuizidi kasi feni, na kwa nukta hiyo ukingo ndio unaoamua. Kumbuka pia kwamba kichujio cha chembe hakizuii mvuke wa kemikali. Kama unayeyusha gundi ya vigae kwa dawa, unahitaji kichujio cha mchanganyiko. Wala hakuna kichujio kinachotengeneza oksijeni.

Sehemu niliyokosea kuliko zote ni ya kuvua. Zamani nilikuwa nikitoka nje ya plastiki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kung'oa barakoa na kuvuta hewa kwa furaha, nikiwa bado ndani ya ovaroli nyeupe iliyojaa kazi yote ya siku. Kisha naivua ovaroli, vumbi lake likinipanda usoni mtupu. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Ovaroli inafyonzwa kwa mashine au kulowanishwa ukiwa bado umeivaa, inavuliwa kwa kukunjwa ndani nje kuanzia kichwani, inaingia kwenye mfuko wa taka za asbesto. Barakoa iko bado usoni, na ndiyo maana mikanda ilipaswa kuwa chini ya kofia. Unaingia bafuni nayo, unajimwagia maji nywele na barakoa pamoja, na hapo tu, maji yakiendelea kushuka, ndipo unaivua. Ni ya mwisho kutoka, daima. Kichujio cha karatasi kilicholowa hakitumiki tena, kinakwenda na taka, isipokuwa kama mtengenezaji ameweka kifuniko cha kuzuia maji. Nguo za kazi zisirudi nyumbani. Wapo waliougua mesotelioma ambao kazi yao pekee na asbesto ilikuwa kufua nguo za mume au baba.

Kutunza barakoa ni kazi ndogo. Ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ikauke kivulini, ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa bila kugandamizwa na zana, maana mpira uliokaa umekunjwa hukumbuka mkunjo wake. Vali ya kutolea pumzi ikaguliwe. Unywele mmoja uliolala pale unaiacha wazi, nami nimewahi kumwangusha mtu kwenye kipimo mara tatu kabla ya kuuona.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliketi kwenye kiti changu. Ana wiki tatu kwenye kazi ya kubomoa. Ndevu zake zilikuwa za siku moja, ukimtazama ungesema amenyoa. Alionja uchungu mapema kuliko nilivyoonja mimi. Nikampa wembe, akaenda bafuni, akarudi mashavu yakimeremeta. Tukajaribu barakoa yake, akashindwa aliposoma. Tukajaribu ndogo, akasoma ukurasa mzima mkono ukiwa gotini.

Alipoivua hakucheka kama wengine. Aliniuliza, "Na zile wiki tatu, kaka?"

Swali hilo nililiuliza kimoyomoyo kwenye kiti kama kile. Nikamwambia ninachojua. Wiki tatu si miaka, na hatari huongezeka kwa kiasi na kwa muda. Hakuna dawa ya kuzitoa nyuzi zilizoingia, wala picha ya kifua inayoweza kumwambia leo. Anachoweza ni kuandika tarehe, jengo, kazi aliyofanya na alichovaa, na kumpa daktari nakala ikae kwenye faili lake, kwa sababu miaka 30 baadaye hakuna atakayekumbuka kwa niaba yake. Kama anavuta sigara, aache sasa.

Akaomba kalamu. Aliandika muda mrefu, akasimama mara mbili kuniuliza jina la ile mbao ya dari linaandikwaje. Alipomaliza akairudisha barakoa usoni bila kuambiwa, akaziba vichujio kwa viganja, akavuta pumzi taratibu, nikahesabu naye hadi kumi.